Rimoti ya winchi ya nanga: maswali yenu na majibu

Safari hii maswali mengi yaliyonifikia yanahusu winchi ya nanga, ile mashine ya umeme inayovuta mnyororo wa nanga, iliyoko omo (mbele) ya boti za tanga, na namna ya kuifungia rimoti.

Fundi, shikamoo. Boti ninayofanyia kazi ni ya futi 40, winchi ni ya volti 12 na ina swichi mbili za mguu. Mwenye boti kaleta rimoti isiyo na waya. Naiunga wapi? (Baharia, Kilifi)

Marahaba. Si kwenye mota yenyewe. Tafuta kisanduku kilicho kati ya betri na mota, mara nyingi kimefungwa nyuma ya ukuta wa chumba cha mnyororo. Humo mna kontakta, yaani rilei kubwa inayopitisha umeme mzito. Utaona nyaya nene kama kidole, na kando yake nyaya nyembamba tatu: wa kupandisha, wa kushusha na wa pamoja. Hizo nyembamba ndizo zinazotoka kwenye swichi za mguu, na hapo hapo ndipo kipokezi cha rimoti kinapoungwa, sambamba na swichi. Swichi za mguu zibaki. Siku rimoti ikikataa utazihitaji.

Usikisie waya upi ni upi. Zima sakiti breka ya winchi, fungua nyaya nene za mota na uzizibe ncha zake vizuri. Kisha washa breka, mwenzako akanyage swichi ya kupandisha, halafu ya kushusha, nawe pima kwa mita. Kuna winchi ambazo waya wa pamoja ni chanya na nyingine ni hasi, kwa hiyo jibu sahihi ni lile la mita yako. Ukishajua, zima tena ndipo uunge.

Umeme wa kipokezi uchukue baada ya breka ya winchi, kupitia fyuzi ndogo ya ukubwa ulioandikwa kwenye karatasi ya kifaa. Hapo ukizima breka, rimoti nayo inakufa, na ndivyo inavyotakiwa. Kipokezi kifunge juu, mahali pakavu. Chumba cha mnyororo kina maji ya chumvi na tope, hakifai. Waya ziwe za baharini zilizopakwa bati, vichwa vibanwe kwa koleo lake na kufunikwa mpira wenye gundi unaosinyaa kwa joto. Waya wa shaba tupu uliozungushiwa selotepu utageuka kijani ndani.

Winchi yangu ni ya zamani, swichi ya mguu inapitisha umeme wote wa mota moja kwa moja. Naweza kufunga rimoti? (Nahodha, Tanga)

Si kwa hali hiyo. Mota ya wati 1,000 kwa volti 12 huvuta zaidi ya ampea 80 ikiwa kazini, na rilei ndogo ya kipokezi itaungua au, vibaya zaidi, itashikana ikiwa imewaka. Funga kwanza kontakta inayolingana na mota, ndipo ufikirie rimoti.

Kuna rimoti za mageti na za winchi za magari, bei yake nafuu. Zinafaa? (Nungwi)

Swali hili nalipa uzito kuliko yote. Vipokezi vingi vya mageti vina namna ya kufanya kazi ambayo ukibonyeza mara moja kinawaka, ukibonyeza tena kinazima. Kwa geti ni sawa. Kwa mnyororo wa nanga ni hatari: umeachia kitufe, mnyororo bado unakimbia, na vidole vya mtu viko karibu na gurudumu la winchi linalovuta mnyororo.

Rimoti ya winchi lazima ifanye kazi pale tu kidole kinapokuwa juu ya kitufe. Ijaribu nyaya nene za mota zikiwa bado zimefunguliwa: bonyeza, sikiliza kontakta ikigonga, achia, lazima igonge tena papo hapo kwa kukata. Kisha bonyeza na, kidole kikiwa juu, mwenzako atoe betri ya rimoti. Kontakta isipoachia, kifaa hicho kirudishe dukani. Za winchi za magari huwa na nafuu upande huo, lakini nyingi hazikuzibwa dhidi ya maji ya chumvi.

Nimefunga rimoti, nikibonyeza kontakta inagonga tak-tak-tak na mota haizunguki. Rimoti ni mbovu? (Mtwapa)

Sidhani. Ukibonyeza swichi ya mguu nayo ikafanya hivyo hivyo, rimoti haina kosa, volti ndizo zinazoanguka. Pima winchi ikiwa na mzigo, kwenye betri na kwenye mota. Betri ikisimama 12.3 na mota ikapata 9.8, tatizo ni nyaya au viungo vyenye kutu. Zote mbili zikianguka, betri imechoka.

Chukua mfano wa betri iliyo mita 10 kutoka omo, na mota inavuta ampea 100. Kwenda na kurudi ni mita 20 za shaba. Kwa waya wa milimita za mraba 16 unapoteza zaidi ya volti 2 njiani. Kwa waya wa 50 unapoteza kama 0.7. Na washa injini kila unapong'oa nanga, alteneta isaidie betri.

Nasafiri peke yangu. Naweza kung'oa nanga nikiwa kwenye usukani? (Msasani)

Unaweza, na hapo ndipo rimoti ina faida kubwa: unasogeza boti kwa injini taratibu kuelekea nanga huku winchi inakusanya mnyororo uliolegea. Mnyororo wa milimita 10 una uzito wa kilo 2 na kidogo kwa mita, winchi inaumudu. Kinachoiua ni kuvuta boti nzima dhidi ya upepo wa kusi.

Lakini kutoka kwenye usukani huoni mnyororo ukirundikana chini ya gurudumu hadi unakwama. Paka rangi mita 5 za mwisho za mnyororo, upande wa nanga. Ukiona rangi, simama, nenda omo umalizie ukitazama, nanga isije ikagonga roda (kigurudumu cha omo anapopitia mnyororo) kwa kasi. Wakati wa kutia nanga, kumbuka bamvua, yaani siku za maji makubwa: pwani yetu maji hupanda karibu mita 4, kwa hiyo hesabu mnyororo kwa kina cha maji yakijaa. Nanga ikishashika, funga kamba ya nailoni kutoka kwenye mnyororo hadi sitahani, mvuto usikae kwenye winchi.

Rimoti ikianguka baharini? (Lamu)

Swichi za mguu zipo, na mkono wa chuma wa kuzungushia winchi uwe mahali unapojulikana na kila aliyemo botini. Nunua rimoti ya pili mapema na uifundishe kwa kipokezi kile kile, ila ukishaifundisha toa betri yake na uifungie. Na kila mtu anapopeleka mkono kwenye mnyororo, breka izimwe kwanza, kwa sababu rimoti inaweza kuwa mfukoni mwa mwingine au mkononi mwa mtoto.