Tasi na tafi ni samaki mmoja

Miezi miwili nilikesha nikihangaika na modeli, yaani programu inayojifunza kwa mifano. Nilikuwa natengeneza programu ya simu ya kutambua samaki kwa picha, samaki wa soko la Deep Sea hapa Tanga, na usahihi ulikuwa umekwama. Nikaongeza tabaka za mtandao wa neva, yaani hatua za hesabu ndani ya modeli, nikapunguza kasi yake ya kujifunza, nikahamia modeli kubwa zaidi. Kilichopanda ni gharama za bando tu.

Siku moja nikachora jedwali: huku samaki halisi, huku jibu la modeli. Anza na hili, usipoteze miezi miwili kama mimi. Makosa yalikuwa yamerundikana kwenye visanduku viwili: tasi anaitwa tafi, tafi anaitwa tasi. Nikafungua picha moja moja, sioni tofauti. Nikazipeleka sokoni kwa mzee aliyeanza kuuza samaki kabla sijazaliwa.

"Shikamoo mzee. Huyu nani, na huyu?"

"Marahaba. Wote tasi, mwanangu."

"Na tafi je?"

"Si ndiye huyo huyo! Tafi wanamwita watu wa Mombasa." Akarudi kukata nguru wake.

Lebo, yaani jina la samaki kwenye kila picha, za nusu ya picha niliandika mimi, nusu mdogo wangu aliyekulia Mombasa. Modeli haikuwa na kosa lolote, maskini. Nikaunganisha majina, kazi ya dakika kumi.

Huyo nguru naye alikuwa na yake. Picha zake karibu zote nilizipiga juu ya turubai la bluu. Nikaweka kandambili juu ya turubai, nikapiga picha, modeli ikajibu: "Nguru." Ikabidi nimpige upya kwenye beseni, kwenye sakafu, hata mkononi mwa mchuuzi.

Halafu kuna kujidanganya. Samaki mmoja nilimpiga picha tano, tatu zikaingia kwenye mafunzo (picha za kuifundisha modeli) na mbili kwenye majaribio (picha za kuipima), kwa hiyo modeli ilikuwa inaulizwa swali ililokwisha kulijua. Sasa nagawa kwa siku: picha za siku moja zote zinakaa upande mmoja. Usahihi ulishuka, na roho iliniuma.

Angalia pia usahihi wa kila aina ya samaki peke yake. Ukiwa na picha 100, 90 za dagaa, modeli inayojibu "dagaa" kila mara inapata asilimia 90 bila kujua chochote.

Mimi sasa ninayekwama naye ni chewa. Picha zake ni chache, na kusi ikivuma boti nyingi hazitoki.