Dhoruba imevunja mwamba wetu, je, ndiyo basi tena?

SWALI: Shikamoo mzee. Mwamba ambao mimi na wenzangu tumeuzamia miaka sita hatuutambui tena. Tangu dhoruba ipite, matumbawe ya matawi yamelala chini vipande vipande. Yatapona?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na poleni sana. Niliwahi kushuka baada ya dhoruba kutafuta tumbawe kubwa la mviringo lililokuwa alama yetu ya kugeukia. Nililikuta limepinduka. Ubavuni palibaki sehemu ya kahawia, upana wa kiganja, bado hai. Nililia ndani ya miwani ya kuzamia.

Matumbawe ya matawi ndiyo huvunjika kwanza, lakini ndiyo pia hukua upesi, mengine sentimita 10 au zaidi kwa mwaka. Yale ya mviringo huongezeka kama sentimita 1 tu. Kipande kilichonasa kwenye ufa wa mwamba kinaweza kushika na kuchipua. Kinachobingirishwa na mawimbi kila siku hufa.

Adui anayenitisha zaidi ni mwani. Kimbunga Allen kilivunja matumbawe ya Jamaika mwaka 1980, na miaka iliyofuata mwani ukatanda juu yake. Kwa hiyo, nakuombeni, pono na samaki wengine walao mwani msiwaguse.

Subirini maji yatakate. Mkishuka, kaeni juu kidogo ya mwamba, maana pezi moja likipiga chini hutifua mchanga unaofunika vichipukizi. Na alama za zamani msizitegemee, zichoreni upya.