Picha nzuri ya chembe za nano inaanzia Mbeya, kabla sampuli haijapanda basi

Makala yetu kuhusu chembe za nano imekubaliwa kuchapishwa! Tangu habari zisambae, vijana wa kemia wa Mbeya na Iringa hawaniachi kwenye simu, na karibu wote wana swali moja: "Dada, zile picha ulizipataje?" Nawaelewa. Kila mmoja wenu anataka picha yake ya kijivu, chembe zimetengana vizuri, na mstari wa kipimo wa nanomita 50 pembeni (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Ngoja niwaambie, pamoja na yaliyoniuma.

Natengeneza oksidi ya shaba kwa mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba, na maji ya majani ya mparachichi kutoka Rungwe, nikitafuta dawa ya ukungu wa viazi unaowatesa wakulima wa Uporoto. Kutengeneza si shida: unachemsha, unatia magadi moto kidogo, buluu inageuka nyeusi, unaosha, unachoma kwenye tanuri. Shida ni kuthibitisha kwamba ulicho nacho ni chembe za chini ya nanomita 100 na si masizi. Hadubini ya kawaida haikufikishi huko, kwa sababu wimbi la mwanga tunaouona linaanzia kama nanomita 400, na chembe ya nanomita 20 haiwezi kuonekana kwa wimbi la ukubwa huo. Elektroni zikisukumwa kwa volti 200,000, wimbi lake ni kama nanomita 0.0025, ndiyo maana tunahitaji hadubini ya elektroni.

Mara ya kwanza nilituma unga wangu kwenye maabara moja ya mbali, na barua juu yake: tafadhali utawanyeni kwanza kwenye ethanoli. Hawakujali. Waliumwaga mkavu kwenye gundi ya kaboni, wakaupiga picha kwa SEM, hadubini ya elektroni inayoonyesha uso wa kitu tu, wakanirudishia mabonge kama udongo wa shambani. Pesa ilikuwa yangu ya mfukoni. Nikaenda na picha hizo mbele ya jopo la watahini, na mzee mmoja akasema, "Nyie wa Mbeya limeni maparachichi, nano waachieni wenye vifaa." Watu wakacheka. Sijasahau, na sioni kwa nini nisahau.

Safari iliyofuata nilikwenda mwenyewe, na sampuli niliiandaa huku huku. Hapo ndipo penye siri yote. Chukua unga kidogo sana, ncha ya kijiko inazidi. Utie kwenye ethanoli, uutikise kwenye mashine ya mawimbi ya sauti, kisha uendelee kuuzimua hadi kimiminika kibaki na rangi hafifu tu. Wengi mnaogopa kuzimua, mnadhani chembe zitaisha. Haziishi! Tone likiwa zito, chembe zinakusanyana linapokauka, nawe utalaumu mashine. Na kama umetumia majani, osha mara nyingi kwa sentrifuji, mashine inayozungusha kwa kasi hadi unga utulie chini, maana mabaki ya mmea yakipigwa na elektroni yanaacha doa jeusi la kaboni pale pale unapotazama.

Picha nilizozitaka ni za TEM, hadubini ambayo elektroni zake hupenya sampuli, na sampuli hukaa juu ya gridi, kiwavu cha duara cha milimita 3 tu. Unaishika pembeni kwa kibano, unadondosha tone moja, unasubiri likauke lenyewe. Nyingi ni za shaba, na hapa wanaofanya kazi kama yangu mnisikilize: ukipima elementi, shaba ya gridi itaonekana pamoja na shaba ya sampuli, na hutajua ipi ni ipi. Omba gridi ya nikeli au ya dhahabu. Fundi aliniuliza nimejifunzia wapi hayo. Nikamjibu, Mbeya.

Kwenye mashine usiridhike na picha moja iliyopendeza. Anza na ukuzaji mdogo uone eneo pana, hamia miraba mingine ya gridi, piga hata pale pasipovutia. Ukirudi nyumbani pima chembe mia kadhaa kwa ImageJ, programu ya bure inayokubali hata kompyuta kuukuu, uchore mgawanyo wa ukubwa wake. Ulinganishe na ukubwa uliopata ulipoupima unga huo kwa eksirei. Vikipishana sana, tafuta sababu kabla mtahini hajakuuliza.

Vijana wa nyanda za juu, acheni kungoja mashine ije Mbeya ndipo muanze utafiti. Ernst Ruska na Max Knoll waliunda hadubini ya elektroni ya kwanza Berlin mwaka 1931, na Ruska akasubiri hadi mwaka 1986 ndipo akapewa Nobel. Nanyi mnakata tamaa kwa sampuli moja iliyorudi vibaya! Someni, andaeni kazi yenu kwa mikono yenu, msimwachie mtu asiyeujua utafiti wenu.

Na kabla hamjaondoka maabara, dai mafaili yenyewe ya mashine, usikubali picha za kutumiwa WhatsApp. Faili halisi lina kipimo chake ndani. Mimi jopo la mwisho liliponiuliza nimepimaje, nilifungua kompyuta na kupima chembe moja baada ya nyingine mbele yao.