Vidonge vya kifafa na jirani asiyepata usingizi

SWALI: Kijana wangu anatumia fenobabitoni kila usiku kwa ajili ya kifafa. Jirani asiyepata usingizi ameniomba vidonge vichache. Tena, msimu wa mabibo, kijana huruka dozi siku anayokunywa uraka, pombe ya mabibo, ili visigongane. Je, ni sawa? – Mama, Newala

JIBU: Shikamoo mama. Naielewa huruma yako kwa jirani, lakini nakuomba usimpe hata kidonge kimoja, wala kijana asiruke dozi. Fenobabitoni imo katika jamii ya babichureti, dawa zinazotuliza ubongo. Tangu mwaka 1912, daktari Mjerumani Alfred Hauptmann alipoona kwamba inazuia degedege la kifafa, imewasaidia wagonjwa wengi, nayo ni ya bei nafuu. Kama dawa ya usingizi, hata hivyo, madaktari wengi wameiacha, kwa sababu kiasi kinacholaza hakiko mbali na kiasi kinachozuia pumzi, na haina kiuasumu.

Jambo la kulielewa vyema ni muda wake mwilini. Kwa mtu mzima, nusu ya dawa iliyomo mwilini huchukua takriban siku 3 hadi 5 kuondoka. Kwa hiyo kijana anayeruka kidonge cha Jumamosi bado ana dozi za siku zilizopita katika damu anapokunywa uraka, achilia mbali nipa, pombe ya mabibo iliyo kali zaidi, na pombe hushirikiana na dawa hiyo kudhoofisha upumuaji. Papo hapo, kuruka mara kwa mara kunashusha kiwango cha dawa, na ikikatishwa ghafla kwa mtu aliyeizoea, kifafa kinaweza kurudi kwa degedege mfululizo linaloweza kuua. La kuacha ni pombe. Jirani naye akimeza kila usiku, dawa itajilimbikiza; kisha mwili utaizoea, ataongeza kidonge, na kuiacha kutamshinda.

Aende kituo cha afya akachunguzwe, kwani kukosa usingizi mara nyingi hutokana na maumivu, wasiwasi au sonona, na kila kimoja kina tiba yake.

Vidonge viweke mahali watoto wasipofikia. Ukimkuta mtu aliyevimeza haamki au anapumua polepole, mlaze kwa ubavu, usimpe maziwa wala maji, kisha mkimbizeni hospitali pamoja na pakiti ya dawa, maana tiba kubwa ni kumsaidia kupumua hadi dawa ipungue mwilini.