Koki mpya na mabomba ya chini ya sinki

Dada, umeuliza kama ubadilishe koki za sinki tu na kuacha mabomba ya chini. Usiache, maana kabati likiwa tupu ndiyo nafasi yenyewe. Kwanza funga maji ya tangi, kisha fungua koki ya zamani yaishe. Weka koki ndogo ya kufungia ya nusu inchi kwenye kila bomba linalotoka ukutani. Hivyo siku nyingine ukitengeneza sinki, hutalazimika kuzima maji nyumba nzima. Tepu nyeupe ya kuziba uvujaji kwenye nyuzi za bomba izungushwe kuelekea upande wa kukazia, la sivyo itakunjamana na maji yatavuja. Mpira wa kupeleka maji kwenye koki, ukiwa na washa (pete laini ya kuziba) ndani, hauhitaji tepu: kaza kwa mkono, malizia na spana kidogo tu. Halafu futa pakavu, tandika karatasi chini, uiangalie asubuhi kama imelowa.