Kununua matofali ya saruji Mexico: mambo ya kukagua kabla hujatoa hela

Mexico tofali la saruji lenye matundu hununuliwa kwa haraka na kwa maelfu. Ukiingia casa de materiales, duka la vifaa vya ujenzi, utaulizwa unataka mangapi na yapelekwe wapi. Ni nadra kuulizwa ukuta wenyewe utabeba nini. Hilo ujiulize mwenyewe mapema, hasa kama unajenga huku kwetu Puebla.

Huku ardhi hutikisika. Ilitikisika vibaya Juni 1999, na tarehe 19 Septemba 2017 likapiga tetemeko la ukubwa wa 7.1 lililoangusha nyumba hapa, Morelos na Jiji la Mexico. Ujenzi wenyewe nao hauko kama wa ghorofa za Dar au Nairobi, ambako nguzo na mihimili hutangulia na tofali huja kuziba nafasi. Nyumba ya kawaida ya familia hapa, ukuta ndio hujengwa kwanza. Kisha zege la nguzo nyembamba, castillos, humwagwa kwenye kona na mwisho wa kila kipande cha ukuta, na juu hupita mkanda uitwao dala, ili zege na tofali vishikane. Slabu yote inakalia tofali, na tetemeko likija tofali ndilo linalosukumwa. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba tofali hafifu litafichwa na lipu.

Matofali mengi yana urefu wa sentimita 40 na kimo cha 20, yakitofautiana unene: 10, 12, 15 au 20. Kwa kuta za kubeba tulichukua ya 15. Lakini unene si jambo gumu. Jambo gumu ni malighafi, kwa sababu Puebla imezungukwa na volkano na mawe mepesi yenye vitundu ni rahisi kuyapata. Matofali yanayofyatuliwa kwa mawe hayo, tepetzil, ni mepesi, hayapitishi joto upesi, na mafundi huyapenda kwa kuwa mgongo hauumii. Kwa ukuta wa kugawa vyumba sina neno nayo. Kwa ukuta unaobeba slabu, mimi sikuyataka mpaka mhandisi ayaone na kuyaidhinisha.

Mexico ina viwango viwili tofauti vya matofali. NMX-C-404 ni cha kuta za kubeba, na NMX-C-441 ni cha kuta zisizobeba. Vitaje kwa namba unapoongea na muuzaji, na uombe karatasi ya maabara inayoonyesha nguvu ya tofali linapobanwa. Kiwanda makini kitakupa. Sehemu moja tuliyokwenda tulijibiwa tu kwamba kila mtu ananunua kwao. Tuliaga tukaondoka.

Kama karatasi haipo, au ipo na bado una wasiwasi, beba mizani ya kujipimia uzito. Kanuni za Jiji la Mexico, ambazo wahandisi wengi wa majimbo mengine huzitumia pia, zinataka saruji ya tofali la kubeba iwe na uzito wa angalau kilo 1,700 kwa mita moja ya ujazo, ikiwa kavu. Tena katika tofali la matundu, sehemu ngumu isipungue nusu ya eneo lake, na kuta za nje za tofali zisiwe chini ya milimita 15. Ukipiga hesabu, tofali la 15 kwa 20 kwa 40 likiwa kavu halitakiwi kupungua kilo 10 hivi, na zuri huzidi hapo. Usipime baada ya mvua, maana maji yatakudanganya.

Baada ya mizani, omba livunjwe moja. Mwenye kiwanda tuliyenunua kwake alilichukua tofali katikati ya rundo bila kulichagua, akaligonga kwa nyundo. Lililia kwa sauti kali, na pigo la pili likalipasua vipande vikubwa vyenye kingo kali. Ndani rangi ilikuwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, na kokoto kadhaa zilikuwa zimekatika katikati badala ya kung'oka. Hiyo ni dalili kwamba saruji imeshika. Kiwanda kingine tulikwaruza kona kwa ufunguo wa gari, vumbi likamwagika mkononi kama unga wa mahindi. Hapo huhitaji maabara.

Uliza pia yamefyatuliwa lini, na utembee mpaka yanapoanikwa. Puebla iko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Miezi ya kiangazi, kuanzia Novemba, jua ni kali na hewa ni kavu, kwa hiyo tofali hukauka kabla saruji haijakomaa. Tafuta turubai, mipira ya maji, sakafu yenye unyevu. Tofali changa likiwahi kujengwa huendelea kusinyaa ukutani, na nyufa hutokea hata ardhi ikiwa imetulia. Nguvu ya saruji huhesabiwa kwa siku 28. Ukiweza, nunua mapema yakomae kwako, juu ya paleti na chini ya turubai.

Na hapa ndugu zangu wa nyumbani nawaomba wanisikilize: tofali la saruji hujengwa likiwa kavu. La udongo wa kuchoma ndilo hulowekwa kabla. Mwagilia la saruji likiwa changa kiwandani, lakini siku ya kujenga liache lilivyo.

Kwa idadi, mita moja ya mraba hula matofali 12.5 ukipuuza viungo, kwa hiyo elfu moja hutoa kama mita 80 za mraba. Ile nafasi ya viungo itafidia yatakayovunjika na kukatwa. Chukua yote ya kubeba kwenye kiwanda kimoja, maana vipimo vikipishana fundi ataziba kwa mchanganyiko mnene, na ukuta utadhoofika pale pale kwenye viungo.

Bei ukiipata, uliza kama ina IVA, kodi ya asilimia 16, na kama usafiri umo. Bei mbili zinazolingana mdomoni zinaweza kuachana sana kwenye ankara. Andikisheni pia kwamba matofali yatashushwa kwa mkono au kwa paleti, yasimwagwe kama mchanga. Lori likifika, hesabu safu kabla ya kusaini, na yaliyovunjika yaandikwe kwenye karatasi ya dereva kabla hajaondoka.