Bima ya Land Rover ya marehemu mzee

Kaka, umeuliza kama bima ndogo inatosha kwa Land Rover Series III ya 1974 uliyoachiwa na mzee hapo Mikindani, pwani ya Mtwara. Kisheria utatembea nayo, ila bima ndogo inamlipa yule uliyemgonga tu. Lako likiungua au kuibiwa, hupati hata shilingi.

Chukua bima kubwa, inayolipa na gari lako mwenyewe, lakini usikubali thamani ya sokoni, maana sokoni hilo ni gari chakavu tu. Omba thamani ya makubaliano: mthamini alikague, apige picha injini, chasisi na bodi, mkubaliane kiasi na kiandikwe kwenye hati yenyewe. Ahadi ya wakala kwa simu haitakusaidia siku ya madai. Usipunguze thamani ili ada ishuke. Gari la milioni 20 ukiliandika milioni 10, hata hasara ndogo unaweza kulipwa nusu.

Kutu bima hailipi. Bodi yake ni alumini lakini chasisi ni chuma, na upepo wetu wa chumvi unaila kimyakimya. Ioshe kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara, chini kabisa.

Ukishalipa, hakiki stika ya bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania, kabla hujalitoa nje.